Ngeli za Trela: Jaribio la Kuainisha Vyombo vya Kubebea Kigari cha Kale

Wilhelm Bleek na Carl Meinhof, Wajerumani waliozipa ngeli za lugha za Kibantu namba tunazozitumia mpaka leo, hawakutuachia neno juu ya trela la kubebea gari. Bleek ana udhuru: alifariki mwaka 1875, miaka 11 kabla ya Karl Benz kusajili hataza ya gari lake. Meinhof aliishi hadi 1944, magari akayaona, na bila shaka aliyaona hata yakivutwa. Huyo nimeshindwa kumtetea. Matokeo ya uzembe wake ni kwamba mtu wa Mombasa mwenye kigari cha kale, anayetaka kukifikisha Nairobi bila kukiua, huingia sokoni hana nadharia yoyote. Ataulizwa, "Unataka trela gani?" naye atajibu, "Ya gari." Hapo ameshapigwa.

Makala haya yanaziba pengo hilo, au angalau yanaliwekea ubao juu.

Sampuli ya utafiti ni moja tu, nayo imelala uani kwangu chini ya turubai: Fiat 500 ya mwaka 1968. Dante Giacosa ndiye aliyelisanifu gari hili, likazinduliwa Turin mwaka 1957 kwa ajili ya Waitaliano waliochoka kupanda pikipiki familia nzima. Urefu wake ni mita 2.97, upana mita 1.32, uzito kilo 520 bila mtu ndani. Injini ni ya silinda mbili, inapozwa kwa upepo, imewekwa nyuma (msomaji aikariri hiyo nyuma, itamfaa huko mbele), na nguvu zake ni za farasi 18, siku ambayo wote wameamka. Giaboksi haina sinkronaizi. Kila ukibadilisha gia unakanyaga klachi mara mbili na kupiga dua mara moja.

Gari la namna hii linatafuta nini Nairobi? Kila mwaka, kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, hufanyika Africa Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanza mwaka 1970, ambapo magari hayashindani kwa mbio bali kwa unadhifu. Majaji huvaa kofia nzuri, kisha huinama kwa tabasamu wakachungulia mahali ambapo wewe hujawahi kuchungulia. Kutoka Mombasa ni karibu kilomita 480, na njiani unapanda kutoka usawa wa bahari mpaka zaidi ya mita 1,600. Kigari changu kikiupanda mwinuko huo kwa miguu yake chenyewe, kitafika na vumbi jekundu la Taru masikioni na moshi wa malori ya Mtito Andei kooni. Hapo hakishindani tena, kinaombewa.

Sasa tuje kwenye mbinu. Wauzaji huainisha trela kwa bei, kigezo kisicho na hadhi ya kitaaluma. Mafundi huhesabu ekseli. Mimi nilipata ufunguo kwa shemeji yangu, mwalimu wa Kiswahili, siku aliponisahihisha mbele za watu kwenye kijiwe cha kahawa. Nilisema, "Trela hii." Akasema, "Trela hili, shemeji. Matrela haya." Fundi mmoja wa kuchomelea, aliyekuwa akisubiri kikombe chake, akatia neno: yeye ana miaka thelathini anachomelea trela hii na trela hizi, na hajawahi kuziona zikilalamika. Ubishi ukamaliza birika. Nilipoinuka pale nilikuwa na nadharia tete: wote wawili wako sahihi, ila hawazungumzii trela moja. Ngeli haimo katika neno, imo katika chuma chenyewe.

Tuanze na ngeli ya viumbe, M-WA. Humo naweka kila namna ya kuvuta gari inayolazimu kiumbe hai kukaa ndani ya gari linalovutwa: kamba, mnyororo, mkanda. Mbele yuko mvutaji, nyuma yuko mvutwaji, na taaluma imemdhulumu sana huyu wa pili. Kwa kawaida ni mpwa mdogo kuliko wote, aliyekuja kusalimia. Anapewa usukani, anaambiwa "wewe fuata tu", kisha kwa saa nzima hatazami kingine ila bampa ya nyuma ya mjomba wake. Kamba ya katani inavutika, inalegea, inavutika, na kila ikikazwa ghafla shingo ya mpwa inapata habari kabla ya macho yake. Kigari cha zamani kina nafuu moja hapa: breki zake hazitegemei injini kuzisaidia, kwa hiyo injini ikizimwa hazibadiliki. Zilikuwa nzito tangu mwanzo. Ngeli hii inafaa kutoka barabarani hadi gereji ya mtaa wa pili. Kwa safari ya Nairobi ingehitaji wapwa wa kubadilishana.

Ngeli ya M-MI ni ya miti na vitu virefu, na mkubwa wa ukoo ni mkokoteni. Jina lenyewe linaeleza kazi, kukokota, na ukiutazama vizuri pale sokoni Kongowea asubuhi utaona kwamba chini ya mbao zake imelala ekseli ya gari lililokwisha umri, na tairi zake mbili. Kwa hiyo mkokoteni ni gari lililorudi shuleni kuwa trela. Kwa vipimo, kigari changu kinatosha juu yake; nilikwenda na tepu nikapima, na mwenye mkokoteni akaniuliza ni nini ninachotaka kuzika. Wa pili katika ngeli hii ni mkono wa chuma wenye umbo la herufi A, unaofungwa mbele ya gari linalovutwa ili lifuate lenyewe kwa tairi zake nne. Ni chombo chepesi kinachoning'inia ukutani, na anayekitumia husahau kwamba tairi, beringi na giaboksi za gari lake zinakwenda safari yote kana kwamba hakuna mvutaji. Ameokoa petroli ya kigari, ambayo ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho cha kutosha.

KI-VI ni ngeli ya vitu, ya udogo, na kwa ukali wa wazee wetu, ya kiwete na kiguru. Humu kinaingia kitoroli: magurudumu mawili na kitanda kifupi kinachoinua nusu ya gari, nusu ya pili ikaachwa itembee. Gari lililo juu ya kitoroli ni kiguru kwa maana kamili. Kwa gari la Mini, alilolisanifu Alec Issigonis na lililozinduliwa mwaka 1959, chombo hiki kimekaa pake. Injini ya Mini iko mbele na inazungusha tairi za mbele. Ukiziinua hizo, za nyuma zinaburuzika bila kudai chochote. Kwa Fiat yangu mambo yamegeuka. Tairi zinazosukuma ni za nyuma, kwa hiyo ukiinua mbele, giaboksi inazunguka kilomita 480 haina kazi, kama karani anayepiga muhuri kwenye karatasi tupu. Ukiinua nyuma, gari linakwenda kinyumenyume na usukani lazima ufungwe usicheze. Zaidi ya hayo, kitoroli chenye gari juu hakirudishwi nyuma. Viungo ni viwili, kimoja kwenye gari la kuvuta na kimoja kwenye kitoroli chenyewe, na ukijaribu kurudi kila kimoja kinashika njia yake. Nimeona mtu amekwama nacho kwenye kichochoro, na watu wa nyumba zote mbili wakampa ushauri unaopingana.

Ngeli ya U, ya mambo ya dhahania, sitaikalia muda. Ni ya trela la rafiki. Lipo, limesifiwa, limewahi kubeba trekta, na utakuja kulichukua Jumamosi. Halina uzito, halina ekseli, na katika utafiti huu wa miezi minne sijakutana na mtu aliyewahi kuligusa.

Ngeli ya KU, ya vitenzi-jina, ina kitenzi kimoja: kuendesha. Wafuasi wake watakukumbusha kwamba Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda Safari Rally ya mwaka 1962, Tommy Fjastad akiwa kwenye usukani, na haikubebwa na mtu. Ni kweli. Lakini nimechunguza wanaotoa mfano huo, na wengi wao hawana gari la kale. Wana maoni.

Tumefika kwenye LI-YA, ambako ukubwa unaishi: jitu, jibwa, jumba. Hapa nilitumia fedha zangu mwenyewe, kwa hiyo msomaji anivumilie.

Katika ngeli hii kuna jisanduku, yaani trela lililofunikwa pande zote, lenye mlango wa nyuma unaoshuka ukawa daraja. Gari ndani yake halioni mvua wala wivu. Tatizo ni kwamba sanduku la namna hiyo huweza kuzidi tani moja kabla halijameza kitu, na ubavu wake ni tanga. Pale Manyani upepo ukikupiga kwa upande, unagundua kwamba umenunua jahazi. Kubebea kilo 520 humo ni kumfikisha kuku sokoni kwa lori la ng'ombe. Wapo wanaofanya hivyo, na kuku wao hufika msafi sana.

Lakini LI-YA hasa, kitovu cha ngeli yenyewe, ni trela la jua kali. Nilikwenda kwa yule fundi wetu wa kijiweni, huko Changamwe, na mchoro niliouchora kwa rula. Niliomba kitu kidogo: kitanda cha mita 3, upana wa ndani mita 1.5, ekseli moja. Aliutazama mchoro kama daktari anavyotazama dawa uliyojichagulia mwenyewe. Akauliza, "Mzee, hiyo gari yako ina uzito gani?" Nikamwambia. Akaangua kicheko, akaita vijana wake wasikie. Kisha akaenda kwenye rundo lake la vyuma, akavuta chuma cha mfereji cha inchi 4 ambacho kilishawahi kuwa sehemu ya lori, akakigonga kwa nyundo. Kikalia kengele. "Chuma," akaniambia, "si kitu cha kukifanyia choyo."

Kila nilipopita siku zilizofuata, trela lilikuwa limeongezeka. Ilikuja ekseli ya pikapu, na springi zake zote, majani saba. Ikaja sakafu ya bati nene lenye madoadoa. Zikaja pembe nne za kufungia kamba ambazo ungeweza kutia nanga meli. Nilipolalamika, fundi alinijibu kwa upole kwamba barabara haimjui Mwitaliano. Siku ya kulichukua tulipita kwa wauza vyuma chakavu, ambao ndio wenye mizani ya kuaminika mtaani, tukalipandisha. Kilo 640, tupu.

Hapo ndipo nilipopata kanuni ambayo ni mchango wa makala haya kwa elimu: *trela likizidi uzito wa mzigo wake, liko LI-YA, isipozidi, iko I-ZI*. Mwalimu yuko sahihi akisema trela hili, maana anafikiria yale ya Changamwe. Fundi yuko sahihi akisema trela hii, ila kwa bahati mbaya hazitengenezi. Nilimpelekea shemeji kanuni hiyo kwa maandishi. Akairudisha na alama ya kalamu nyekundu chini ya koma.

Trela lile sikulitupa. Linabeba mchanga wa jirani, na halijui kama linafanya kazi.

I-ZI, kama tulivyofundishwa, ndiyo kimbilio la maneno ya kigeni, na trela za ngeli hii nyingi nazo zimekuja kwa meli. Ni za chuma chembamba kilichochovywa zinki, zina ekseli moja, zina tairi ndogo, na mtu mmoja mwenye afya anaweza kuzisukuma uani bila kuita ukoo. Nilipata moja iliyotumika, imeandikwa uzito wake kwenye kibati kidogo: kilo 280. Moyo uliniruka. Baadaye nikatulia nikafanya hesabu ambayo kila mnunuzi aifanye kabla moyo haujaruka. Kule Ulaya trela ambayo jumla yake na mzigo haizidi kilo 750 hailazimiki kuwa na breki zake yenyewe. 750 toa 520 za kigari, zinabaki 230. Yangu ilikuwa na 280, jumla 800, kwa hiyo ilitengenezwa na breki, na nashukuru. Breki hizo ni za ajabu kwa unyenyekevu wake. Hazina waya wala mpira wa mafuta kutoka gari la mbele. Gari la mbele likipunguza mwendo, trela inakuja na kiherehere chake kulisukuma, ulimi wake wa mbele, ule unaoshika gari, unasinyaa, na kule kusinyaa kunavuta kebo za breki. Kadiri inavyokuwa na haraka ndivyo inavyojizuia. Nina jamaa ambao wangefaidika na mtambo huo.

Kwenye gari la kuvuta panahitajika kile chuma kinachochomoza chini ya bampa ya nyuma, chenye kichwa cha mviringo. Mafundi wetu wanakiita toba, na sijui kama kuna neno la mkopo lililowahi kupata nyumba iliyolifaa kuliko hiyo. Kichwa cha toba ya Ulaya kina kipenyo cha milimita 50. Cha Marekani ni inchi 2, yaani milimita 50.8. Tofauti ni chini ya milimita moja, na ni ya kutosha: kikombe cha Kimarekani juu ya kichwa cha Ulaya kinacheza, na kinachocheza siku moja huruka. Pikapu ya shemeji ilikuwa na kichwa cha Kimarekani. Tulikibadilisha, na huo ulikuwa uamuzi wetu wa busara wa mwisho kwa muda wa wiki moja.

Ndani ya I-ZI kuna vijingeli. Ipo yenye sakafu nzima, na ipo yenye kitanda kinachoinama chote mpaka kikagusa ardhi, usihitaji mbao za kupandia. Hiyo ya pili ni raha ya magari ya chini kama Mini, ambayo kwenye ngazi kali hukwaruza tumbo pale mteremko unapokutana na kitanda. Ipo pia ile yenye njia mbili tu, moja kwa kila upande wa tairi, katikati wazi. Ni nyepesi na inapitisha upepo, na ndiyo niliyonunua. Umbali kati ya tairi za Fiat yangu, kushoto kwa kulia, ni mita 1.12 na kitu, wakati njia nyingi za aina hii zimepangwa kwa mapaja mapana zaidi. Kwa hiyo usipime upana wa bodi. Pima tairi, ukingo wa ndani na wa nje. Bodi haikanyagi kitu.

Waandishi wenzangu wameipuuza kabisa hatari ya njia mbili kwa magari yasiyo na miguu minne iliyokaa sawa. Tuktuk zetu za Mombasa zina gurudumu moja mbele, na gurudumu hilo juu ya trela ya njia mbili linaelekea moja kwa moja kwenye pengo la utafiti. BMW Isetta ya miaka ya 1950 imekwenda mbali zaidi katika uhaini. Tairi zake za mbele zimeachana kwa mita 1.2, lakini za nyuma zimebanana kwa mita 0.52. Unaipandisha, mbele inapita vizuri, unashangilia, nyuma inazama. Na mlango wake mmoja uko usoni. Anayeipandisha kwa kuiendesha mpaka ikagusa nguzo ya mbele ya trela ameshajifungia ndani, na njia ya kutokea iliyobaki ni kwenye paa la turubai. Kwa ukamilifu nitaje pia Peel P50, iliyoundwa katika kisiwa cha Man kuanzia mwaka 1962: mita 1.37, kilo 59, haina gia ya kurudi nyuma, na nyuma ina kishikio cha kuinulia. Hiyo haihitaji trela, inahitaji mbeleko.

Yangu ilikuwa na kitanda cha mita 3 kamili. Kigari mita 2.97. Nilijisifu kwa kila aliyesimama kusikiliza: imekaa kama suruali iliyoshonwa, sentimita 3 tu za ziada. Msomaji aikariri na hiyo.

Kipimo kilichobaki kilikuwa uzito wa ulimi, yaani ule ambao trela inauweka juu ya toba. Ushauri wa kawaida kule Ulaya ni asilimia 5 hadi 7 ya jumla. Kwa kilo 800 ni kati ya 40 na 56. Ukizidi sana, pikapu inainua pua. Ukipungua, trela haina kinachoishika, mkia unakuwa mzito kuliko kichwa, na inaanza kuyumba. Kipimo hakihitaji mtambo. Unaweka mizani ya bafuni chini, unasimamisha kipande cha mbao juu yake kwa urefu wa toba, unatua ulimi juu ya mbao, unasoma. Nilifanya hivyo uani jioni. Mke wangu alisimama mlangoni akatazama, akasema, "Hiyo mizani ukimaliza irudishe ulipoitoa, na usiniambie imesoma ngapi." Ilisoma 45. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini, nikarudisha mizani.

Nilikuwa nimepima trela tupu.

Utafiti wa uwandani ulianza siku ya Alhamisi baada ya sala ya alfajiri. Tulikipandisha kigari kwa pua mbele, kama kila mtu anavyopandisha kila kitu, tukakifunga kwa mikanda ya racheti. Hapa tulifanya vizuri. Mkanda ulipita juu ya tairi, haukushika bodi, maana bodi inadunda juu ya springi zake na kila ikidunda mkanda unalegea. Gia tulitia, na breki ya mkono tulivuta. Changamwe, Miritini, Mazeras, hakuna neno. Mariakani tukasimama kukaza mikanda tena, kama inavyotakiwa, na malori yaliyopanga foleni ya mizani yakatutazama kwa huruma.

Baada ya Samburu barabara ikanyooka na shemeji akaanza kusimulia habari za vitenzi visaidizi. Nilikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa, mteremko mdogo, nikapishana na lori refu. Upepo wake ukatupiga. Kwenye kioo nikaona kigari changu kinaingia upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, kisha tena, kila mara kwa upana zaidi, na sijawahi kuona chombo cha Italia kikicheza chakacha kwa ustadi ule. Shemeji aliacha kitenzi katikati. "Usikanyage breki," akasema, kwa sauti ambayo nadhani huitumia darasani wakati wa mtihani. Nikaachia mafuta tu, nikashika usukani bila kushindana nao. Sitini. Hamsini. Kiuno kikatulia.

Tulitambaa mpaka Mackinnon Road, kwenye ule msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali ambapo madereva wengi husimama kuomba salama ya njia. Tulisimama kwa dini na kwa fizikia. Tulipoifungua trela, niliushika ulimi wake na kuuinua kwa mkono mmoja, mkono ambao haujawahi kusifiwa na mtu. Sababu ikawa wazi kama maji. Injini ya kigari iko nyuma. Kikipanda kwa pua, chuma chote kizito kinakaa nyuma ya ekseli ya trela na kunyanyua ulimi kama mtoto mnene kwenye bembea ya mbao. Dawa ya kawaida ni kukisogeza mbele nusu mita. Nilikuwa na sentimita 3. Trela iliyoshonwa mwilini haikuachii pa kusogea. Kubwa ingenisamehe, hii ilitaka nilijue gari langu kabla sijalipandisha.

Ikabaki kukigeuza. Wazee watatu na vijana wanne waliokuwa kwenye kivuli cha msikiti walikuja bila kuitwa. Mmoja wao alikizunguka kigari akauliza kama kitakua. Tukakishusha, tukakizungusha kwa mikono, tukakisukuma kikapanda kinyumenyume, injini sasa upande wa toba. Ulimi ulituhitaji watu wawili kuutua. Mizani ilikuwa bafuni, kwa hiyo tulipima kwa mabega, na mabega yalisema hamsini hivi. Kuanzia hapo mpaka Voi, na kupita Manyani, trela ilifuata imenyooka kama mwanafunzi aliyekwisha kuchapwa.

Kasoro ilikuwa ya kimtazamo tu. Kigari kilikwenda Nairobi uso ukiwa umeelekea Mombasa, taa zake mbili za mviringo zikiyakodolea malori yaliyotufuata. Madereva walipunguza mwendo. Mmoja alituwashia taa, nadhani alikuwa akikijibu salamu.

Mtito Andei tulisimama kwa chai. Mama mmoja muuza machungwa alikuja dirishani na beseni, akatazama nyuma, akatutazama sisi, akatazama nyuma tena.

"Baba, hii inaenda Nairobi ama inarudi Mombasa?"

Shemeji, ambaye tangu Taru hakuwa amesahihisha mtu, alijiweka sawa kwenye kiti. Alinyoosha kidole kwenye trela. "Hii inakwenda Nairobi," akasema. Kisha akakihamishia kwenye kigari. "Hili linarudi Mombasa."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akahesabu machungwa sita, akataka pesa kwanza.